Uchambuzi: Maambukizi ya Virusi na Afya ya Hedhi, Swali Lililochelewa Kuulizwa

Zaidi ya miaka mitano baada ya ugonjwa wa UVIKO-19 kuingia nchini, moja ya maswali yaliyoulizwa sana na wanawake na kujibiwa kidogo na wataalamu limeanza kupata majibu yenye takwimu: je, maambukizi ya virusi yanaweza kuvuruga hedhi? Tafiti zilizofanyika China, Marekani na Uingereza zinaonesha kuwa yanaweza, ingawa kwa wanawake walio wengi mabadiliko hayo ni madogo na hupita bila matibabu.

Jibu hilo lina uzito wa pekee kwa Tanzania kwa sababu mbili. Kwanza, katika kipindi ambacho sayansi ilikuwa kimya kuhusu suala hili, uvumi ulichukua nafasi yake, na hofu ya ugumba ikawa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu katika nchi nyingi kusita kuchanja. Pili, nchi imekwishakabiliana na virusi ambavyo kutokwa damu ukeni ni dalili ya hatari, vikiwemo virusi vya homa ya dengue na vya Marburg. Mwanamke anayeweza kutofautisha hedhi iliyochelewa kwa sababu ya homa ya kawaida na damu inayoashiria ugonjwa mkali anaweza kuokoa maisha yake na ya wale wanaomuuguza.

Mwili unavyoamua siku ya hedhi

Kwa vigezo vya Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi (FIGO), mzunguko wa kawaida wa hedhi kwa mtu mzima huchukua kati ya siku 24 na 38, na damu haipaswi kutoka kwa zaidi ya siku 8. Tofauti ya siku chache kati ya mwezi mmoja na mwingine ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mwanamke ambaye hedhi yake huja siku ya 28 na mwezi huu ikaja siku ya 31 hajapata tatizo la kiafya kwa sababu hiyo pekee.

Mzunguko huo huongozwa na mawasiliano kati ya ubongo na ovari. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kwenye tezi ya pituitari, nayo tezi hiyo hutoa homoni zinazoamsha ovari kukuza yai. Yai likipevuka na kutoka, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hujiandaa kupokea mimba, na mimba isipotungwa, ukuta huo hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi takribani wiki mbili baadaye.

Maambukizi ya virusi yanaweza kuingilia mawasiliano hayo kwa njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni msongo. Mwili unaopambana na homa kali hutoa homoni za msongo kwa wingi, na ubongo unaweza kupunguza au kuchelewesha ishara zinazoamsha ovari. Njia ya pili ni mfumo wa kinga. Kemikali ambazo kinga hutumia kuitana na kupambana na virusi ni za jamii ileile inayotumika kuvunja na kujenga upya ukuta wa mfuko wa uzazi kila mwezi. Zinapoongezeka mwilini, kiasi cha damu na siku za kutoka kwake vinaweza kubadilika. Njia ya tatu ni damu yenyewe. Baadhi ya virusi hupunguza chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba mishipa iliyopasuka, na zinapopungua sana hedhi ya kawaida inaweza kugeuka kuwa damu isiyokoma.

Maelezo hayo yanafafanua pia kwa nini mabadiliko yanayoripotiwa zaidi ni hedhi kuchelewa. Nusu ya kwanza ya mzunguko, kabla yai halijatoka, ndiyo inayoweza kurefuka, ilhali nusu ya pili haibadiliki sana. Mwanamke akiugua katika nusu ya kwanza, yai linaweza kuchelewa kupevuka na hedhi ikasogea mbele. Akiugua baada ya yai kutoka, kwa kawaida hedhi huja karibu na tarehe yake.

Ushahidi uliotokana na UVIKO-19

Moja ya tafiti za mwanzo ulifanyika Wuhan, China, na kuchapishwa katika jarida la kitabibu la masuala ya uzazi mwaka 2021. Watafiti walichunguza kumbukumbu za hedhi za wanawake 177 wa umri wa kuzaa waliolazwa kwa UVIKO-19. Asilimia 25 walikuwa na mabadiliko ya kiasi cha damu, hasa kupungua, na asilimia 28 walikuwa na mabadiliko ya mzunguko, hasa kurefuka. Ndani ya mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, mzunguko ulikuwa umerejea katika hali yake kwa asilimia 99 ya waliofuatiliwa, na kiasi cha damu kwa asilimia 84.

Utafiti huo ulitoa pia taarifa iliyopewa nafasi ndogo kuliko ilivyostahili. Vipimo vya homoni za uzazi, pamoja na homoni inayotumika kukadiria akiba ya mayai katika ovari, havikuonesha tofauti kati ya wanawake waliougua na wenzao wa umri uleule ambao hawakuugua. Kwa lugha nyepesi, virusi vilionekana kuchelewesha kazi ya ovari kwa muda, na hapakuwa na dalili kuwa vimemaliza mayai.

Picha ni tofauti kwa watu ambao dalili za UVIKO-19 huendelea kwa miezi mingi baada ya kuambukizwa. Utafiti ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2025, uliotumia majibu ya wanawake zaidi ya 12,000 wa Uingereza, ulibaini kuwa waliokuwa na dalili hizo za muda mrefu waliripoti hedhi nyingi zaidi, ya siku nyingi zaidi, na damu kati ya hedhi moja na nyingine, kuliko wale ambao hawakuwahi kuugua. Ulibaini pia kuwa dalili za ugonjwa zilibadilika kwa ukali kulingana na siku za mzunguko, hali inayoonesha kuwa uhusiano huo huenda pande zote mbili.

Matokeo haya yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Utafiti wa Wuhan uliwahusu wagonjwa waliolazwa, ambao hali zao zilikuwa nzito kuliko za watu wengi waliougua nyumbani. Ule wa Uingereza ulitegemea maelezo ya wanawake wenyewe. Aidha, mwaka 2020 na 2021 watu wengi walipoteza kipato, walifiwa na kuishi kwa hofu, na mambo hayo peke yake yanaweza kubadili hedhi. Hata hivyo, tafiti zenye mbinu tofauti zinapoelekea upande mmoja, uzito wa ushahidi huongezeka.

Chanjo na gharama ya kutouliza

Suala la hedhi liliingia katika mjadala wa umma kupitia chanjo kuliko kupitia ugonjwa wenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya chanjo ya UVIKO-19 nchini tarehe 28 Julai 2021, siku chache baada ya kupokelewa kwa zaidi ya dozi milioni moja za chanjo ya Janssen kupitia mpango wa COVAX. Wakati huohuo, wanawake katika mataifa mbalimbali walikuwa wakieleza kwamba hedhi zao zilichelewa au ziliongezeka baada ya kuchanjwa. Nchini Uingereza pekee, mamlaka ya udhibiti wa dawa ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 30,000 za aina hiyo hadi mwanzoni mwa Septemba 2021.

Wataalamu hawakuwa na jibu la haraka kwa sababu majaribio ya chanjo hayakuwa yamekusanya taarifa za hedhi kwa utaratibu. Washiriki waliulizwa kuhusu homa, maumivu ya kichwa na uchovu, lakini hawakuulizwa kuhusu jambo linalotokea kila mwezi katika mwili wa nusu ya watu wazima. Pengo hilo halikuwa ushahidi wa madhara, lakini lilitosha kwa uvumi wa ugumba kukaa pale ambapo takwimu zilipaswa kuwa.

Takwimu zilipopatikana, ziliondoa sehemu kubwa ya hofu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza mwezi Agosti 2021 fedha kwa ajili ya vyuo vikuu na taasisi tano kuchunguza jambo hilo. Utafiti wa kwanza, uliochapishwa Januari 2022 na kuhusisha wanawake 3,959, ulionesha kuwa mzunguko ulirefuka kwa wastani wa chini ya siku moja baada ya dozi. Utafiti wa kimataifa uliofuata mwezi Septemba mwaka huohuo, wenye washiriki 19,622, ulifikia hitimisho hilohilo. Kuhusu uwezo wa kupata mimba, utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston uliofuatilia wanawake 2,126 waliokuwa wakitafuta mtoto nchini Marekani na Kanada haukuona upungufu kwa waliochanjwa. Upungufu wa muda mfupi ulionekana pale mwanamume alipokuwa ameambukizwa ugonjwa wenyewe karibu na wakati huo.

Hata hivyo, wanawake waliosema damu yao iliongezeka hawakuwa wakibuni. Oktoba 2022, kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza hedhi nyingi iorodheshwe miongoni mwa maudhi ya chanjo za Comirnaty na Spikevax, ikieleza kuwa kwa sehemu kubwa hali hiyo haikuwa ya hatari na ilidumu kwa muda. Pendekezo hilo lilikuja wakati mamilioni ya watu walikuwa wamekwishachanjwa. Kama taarifa hiyo ingetolewa mapema, mwanamke aliyepata hedhi nzito wiki mbili baada ya sindano angeitambua kama jambo alilokwisha kuelezwa. Bila maelezo hayo, ilikuwa rahisi kwake kuliona kama jambo alilofichwa.

Virusi vinavyohitaji tahadhari ya haraka

Kwa mazingira ya Afrika Mashariki, UVIKO-19 si virusi pekee vinavyogusa hedhi, na wala si vile vyenye hatari kubwa zaidi kwa njia hiyo.

Homa ya dengue, inayoenezwa na mbu aina ya Aedes wanaouma mchana, ililipuka jijini Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ugonjwa huu unaweza kushusha chembe sahani kwa kiwango kikubwa, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kutokwa damu katika utando laini wa mwili kuwa ishara ya tahadhari. Kipindi cha hatari mara nyingi huanza homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ambapo mgonjwa na familia yake hudhani nafuu imekuja. Mwanamke anayeingia hedhini katika siku hizo na kuona damu nyingi kuliko kawaida yake anapaswa kufikishwa katika kituo cha huduma za afya bila kusubiri.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Dawa za aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hutumiwa na wengi kutuliza maumivu ya mwili, na baadhi yake hutumiwa sana kwa maumivu ya hedhi. Kwa mgonjwa wa dengue, dawa hizo zinaweza kuongeza kutokwa damu. Dawa inayoshauriwa kwa homa na maumivu ni parasetamo, kwa kipimo kilichoelekezwa. Anayenunua dawa ya tumbo la hedhi dukani wakati ana homa ambayo haijapimwa anapaswa kumweleza muuzaji kuhusu homa hiyo.

Ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini mkoani Kagera mwezi Machi 2023, na ukajitokeza tena katika Wilaya ya Biharamulo mkoani humo mwezi Januari 2025. Milipuko yote miwili ilidhibitiwa na kutangazwa kumalizika, wa kwanza tarehe 2 Juni 2023 na wa pili tarehe 13 Machi 2025. Katika ugonjwa huu damu inaweza kutoka puani, kwenye fizi na ukeni. Dalili hiyo ya mwisho inaweza kudhaniwa kuwa hedhi au mimba iliyoharibika, na ndugu wakamhudumia mgonjwa kwa mikono mitupu. Katika eneo lililotangazwa kuwa na mlipuko, damu ya ukeni inayoambatana na homa kali, kutapika na kuhara haipaswi kushughulikiwa nyumbani, na nguo zake hazipaswi kufuliwa bila kinga.

Virusi vya UKIMWI huathiri hedhi kwa njia ya polepole. Tafiti zimeonesha kuwa kukosa hedhi kwa miezi kadhaa hutokea zaidi kwa wanawake wanaoishi na VVU, hasa pale uzito wa mwili unaposhuka na kinga kudhoofika. Kutumia dawa za kufubaza virusi kwa ufuasi mzuri hulinda mwili dhidi ya hali hiyo. Virusi vya papiloma, kwa upande wao, havibadili mzunguko. Hata hivyo, damu kati ya hedhi, baada ya kujamiiana au baada ya ukomohedhi inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi inayosababishwa na virusi hivyo. Chanjo yake inatolewa kitaifa tangu mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja.

Mzigo kwa mwenye damu pungufu

Hedhi iliyoongezeka kwa siku mbili inaweza kuwa usumbufu mdogo kwa mwanamke mwenye damu ya kutosha. Kwa mwenye upungufu ni jambo jingine. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Duniani kote, makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2019 yalikuwa takribani asilimia 30.

Tofauti hiyo inaeleza kwa nini hitimisho la tafiti za Ulaya na Marekani haliwezi kuhamishiwa Tanzania moja kwa moja. Mabadiliko yanayoitwa madogo katika nchi ambako wanawake wengi wana akiba nzuri ya madini ya chuma yanaweza kuwa mazito kwa mwanamke aliyetoka kujifungua, anayepata malaria mara kwa mara na kula mlo usio na nyama wala mboga za majani za kutosha. Kwa mwanafunzi, yanaweza kumaanisha siku za ziada nje ya darasa na fedha za ziada za taulo za kike. Tafiti zinazopima athari hizo kwa wanawake wa hapa nchini zinahitajika.

Mfumo unaouliza kabla ya kuulizwa

Uzoefu wa miaka hii unatoa funzo la kiutendaji. Kuongeza swali moja la hedhi katika fomu ya ufuatiliaji wa mlipuko au wa chanjo hakuhitaji mtambo wala maabara mpya. Mpango jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii uliozinduliwa mwaka 2024 unatoa fursa ya swali hilo kuulizwa nyumbani, kwa lugha ya heshima na faragha, na mtu anayefahamika na kaya. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hupokea taarifa za maudhi ya dawa na chanjo, na mabadiliko ya hedhi ni miongoni mwa mambo yanayostahili kuripotiwa.

Wajibu huo ni wa pande zote mbili. Mhudumu asipouliza, mwanamke hasemi. Na mwanamke asiposema, mabadiliko yake hayaingii katika takwimu zinazotumika kupanga huduma. Kuandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza hedhi kwenye kalenda au daftari ni hatua ndogo inayomwezesha mtaalamu kutofautisha mabadiliko mapya na hali iliyokuwepo tangu awali. Ni muhimu pia kutaja njia ya uzazi wa mpango inayotumika, kwani sindano, vijiti na vitanzi vinaweza kubadili hedhi bila kuwepo maambukizi yoyote.

Kwa mwananchi, mwongozo wa msingi ni mfupi. Hedhi iliyochelewa baada ya kuugua isihusishwe na virusi kabla ya kupima ujauzito, na pale ujauzito unapowezekana, maumivu makali ya tumbo yanayoambatana na damu yanahitaji huduma ya dharura kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Mabadiliko ya mzunguko mmoja au miwili kwa kawaida hayahitaji matibabu. Mwanamke anapaswa kwenda kituoni iwapo damu inajaza taulo moja kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, inapita siku 8, inatoka kati ya hedhi au baada ya kujamiiana, inaambatana na kizunguzungu na mapigo ya moyo ya kasi, au iwapo hedhi imekosekana kwa miezi mitatu bila sababu inayojulikana. Damu yoyote baada ya ukomohedhi inahitaji uchunguzi. Wenye maswali wanaweza kupiga simu bila malipo kwenye kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya kupitia namba 199.